Matandazo: Mali ya Mkulima Isiyonunuliwa Dukani

(Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya wanachama na viongozi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Nimepewa heshima kubwa ya kusema mbele yenu siku hii ya furaha, ambapo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya bei ya kahawa, juu ya mikopo na juu ya maghala, nao wamesema vizuri. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisilo na risiti wala stakabadhi, nalo ni matandazo; yaani nyasi, majani na mabaki ya mimea tunayoyatandaza juu ya udongo wa bustani zetu.

Huenda baadhi yenu mwajiuliza: Je, habari ya nyasi yafaa kuletwa mbele ya mkutano mkubwa kama huu? Nami najibu kwamba yafaa sana. Kahawa tunayoileta ghalani, ndizi tunazokula, na mboga tunazowapa watoto wetu, vyote vyatoka katika tabaka moja jembamba la udongo. Na hapa kwetu Kagera tabaka hilo halikujitengeneza lenyewe. Lilitengenezwa kwa mikono ya wazee wetu, na kwa mikono yetu laweza kupotea.

UDONGO WETU ULIVYOPATIKANA

Wazee wanajua, na vijana yafaa wajue, kwamba udongo wa asili wa sehemu nyingi za Bukoba, Muleba na Misenyi si udongo wa volkano kama ule wa Kilimanjaro. Ni udongo mkongwe uliotokana na miamba ya mchanga, na mvua kubwa za Ziwa Victoria zimekuwa zikiuosha rutuba yake tangu zamani za kale. Mjini Bukoba mvua hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Na mvua nyingi namna hiyo hulisha mimea, lakini pia huchukua chakula cha mimea na kukizamisha chini pasipofikiwa na mizizi.

Mtu akitaka kuona udongo huo ulivyo bila kazi ya binadamu, aende rweya akatazame: nyasi kavu na ardhi isiyo na nguvu. Kisha avuke mpaka aingie kibanja kilichotunzwa. Atakuta udongo mweusi, laini, wenye minyoo mingi, na juu yake migomba, mibuni na maharage vimestawi pamoja. Tofauti hiyo haikuletwa na mvua, maana mvua ni ile ile. Ililetwa na samadi na matandazo. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na samadi yao ikaingia migombani. Nyasi za rweya zilikatwa kwa mundu, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba. Miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipoua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, nyumba nyingi zilikosa samadi. Na pasipo samadi, nyasi ndizo zilizobaki kuulisha udongo.

Mimi ni mtu wa daftari, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa lugha ya daftari. Kila mkungu wa ndizi unaokwenda sokoni na kila gunia la kahawa linalopimwa mizanini ni fedha iliyotolewa benki. Matandazo na samadi ni fedha iliyowekwa benki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaandika kwa uangalifu kilo zinazotoka shambani, bali kinachorudi shambani hatukiandiki popote. Hili ndilo neno langu la leo: shamba lenye kutoka bila kuingia lafilisika, hata kama bei ya kahawa ni nzuri.

KAZI INAYOFANYWA NA MATANDAZO

Matandazo hufanya kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kuhifadhi maji. Katika siku za jua kali, kitalu cha mboga hupoteza kiasi cha lita 4 hadi 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, nyingine kwa kupita katika majani ya mmea na nyingine kwa kukaushwa na jua moja kwa moja udongoni. Tuseme bibi ana kitalu chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Kila siku kitalu hicho chapoteza lita 40 hadi 50, ndiyo madebe mawili na zaidi, na maji hayo huchotwa bondeni na kubebwa kichwani. Yale yanayopitia katika mmea hayazuiliki, kwa maana ndiyo uhai wake. Lakini yale yanayokaushwa na jua bure yaweza kupunguzwa sana kwa kuufunika udongo. Kwa hiyo matandazo ya kitalu ni nafuu kwa shingo ya mchota maji.

Kazi ya pili ni kuulinda udongo. Tone la mvua kubwa likianguka juu ya ardhi tupu hupasua chembe za udongo, na chembe hizo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Ndipo maji yanapotiririka juu na kuondoka na udongo mzuri. Juu ya nyasi tone huvunjika nguvu na kuzama polepole. Tena, pale penye matandazo matone hayarushi udongo kwenye majani ya chini ya nyanya, na kwa hiyo magonjwa ya majani yanayokaa udongoni hupungua.

Kazi ya tatu ni kuzuia magugu. Mbegu nyingi za magugu hazioti pasipo nuru. Magugu machache yatakayopenya hung'olewa kwa mkono, wala jembe halihitajiki. Na jembe likipumzika, mizizi ya juu ya migomba na mibuni haikatwi.

Kazi ya nne ni kulisha udongo. Matandazo yakioza hugeuka mboji, na mboji hushika maji na chumvi za rutuba zisizame. Mwaka 2022, bei ya mbolea za viwandani ilipokuwa imepanda sana duniani, wakulima wengi walijua uchungu wa kutegemea duka peke yake. Sisemi tuache mbolea hizo kwa wenye uwezo wa kuzinunua. Nasema kwamba mbolea ikitiwa katika udongo wenye mboji hukaa, bali ikitiwa katika mchanga mtupu huenda na maji.

JINSI YA KUTANDAZA

Kazi hii ni nyepesi, lakini ina kanuni zake.

Tandaza baada ya mvua kuulowesha udongo na baada ya kupalilia. Wakati bora ni mwisho wa masika, kabla kiangazi cha Juni hadi Agosti hakijashika. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, mvua ndogo itaishia katika nyasi na mizizi haitapata kitu.

Kwa mboga, unene wa vidole vitatu, kiasi cha sentimita 5, watosha. Kwa migomba na mibuni, weka sentimita 10 hadi 15, kwa maana nyasi zikipigwa na mvua hushuka. Nyasi ndefu zikatwekatwe kwa panga zipate kulala vizuri.

Usisonge shina. Mboga iachiwe nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina lake. Mgomba uachiwe kama nusu mita, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda unyevu na giza karibu na tunguu, na hapo ndipo hutaga mayai. Mchwa nao, wakikuta nyasi kavu zimeegemea shina, huzifanya daraja la kupandia.

Mbegu ndogo, kama za mchicha, zisifunikwe kwa matandazo mazito. Kwanza ziote, zipate urefu wa kiganja, ndipo utandaze kati ya mistari.

Mabaki makavu, kama mabua na vumbi la mbao, yaache juu, usiyafukie. Vijidudu vinavyooza mabaki hayo huhitaji naitrojeni. Yakifukiwa, vijidudu huichukua kutoka udongoni na mboga hugeuka manjano kwa njaa. Tangulia kuweka samadi kidogo au majani mabichi, kisha weka hayo makavu juu yake.

VITU VYA KUEPUKA

Si kila takataka ifaayo kuwa matandazo. Nyasi zilizokomaa mbegu ni kupanda magugu kwa mikono yako mwenyewe. Zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Nyasi zenye mizizi ya kutambaa zianikwe juani hata zife kabisa. Mabaki ya nyanya au viazi vilivyougua yasirudishwe kitaluni. Vumbi la mbao zilizotiwa dawa lisiguswe, wala nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu.

Juu ya migomba nasema kwa mkazo. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uingie Kagera katikati ya miaka ya 2000, hatuna budi kuwa waangalifu. Mabaki ya mgomba wenye mnyauko yasitolewe nje ya kibanja chake wala kutandazwa kwingine, na panga lililoukata lisafishwe kwa moto au kwa dawa kabla halijagusa mgomba mwingine. Bali gogo la mgomba mzima uliovunwa ni matandazo mazuri sana. Lipasuliwe vipande virefu vikauke upesi, fukusi wasipate nyumba ya kuzaliana.

Mwisho, karibu na kuta za nyumba na jiko uacheni ukanda mtupu wa hatua mbili, kwa ajili ya moto, panya na nyoka.

NYASI ZITATOKA WAPI?

Hapa ndipo penye shida yenyewe, wala sitaki kuipita kama sikuiona. Mtu aweza kusema: Bwana Katibu, maneno yako ni mazuri, lakini nyasi ziko wapi? Amesema kweli. Rweya si ile ya zamani. Sehemu kubwa zimepandwa mikaratusi na misonobari, nyingine zimejengwa, nyingine zimegawanywa kuwa mali ya watu binafsi. Watu wameongezeka na nyasi zimepungua. Tena hata zamani, kila mzigo uliotajirisha kibanja uliidhoofisha rweya. Hatuwezi kuendelea kukopa mahali pasipolipwa.

Pia nyasi haziji zenyewe. Zabebwa, na aghalabu wabebaji ni mabibi na watoto. Mkoa wetu ndio uliotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na miaka iliyofuata nyumba nyingi zilipoteza wenye nguvu. Wajane na wazee waliobaki na yatima hawakuweza kukata na kubeba nyasi kama zamani. Ndivyo umaskini wa mikono unavyogeuka umaskini wa udongo, na umaskini wa udongo hurudi mezani. Kwa hiyo mtu akipita penye kibanja kilicho kitupu, asiharakishe kumwita mwenyewe mvivu.

Basi tutafute matandazo karibu na mlango. Kwanza, tusichome. Majani ya migomba, mabua ya mahindi, maganda ya maharage na magugu yasiyo na mbegu, vyote ni matandazo, na kila moshi unaopanda kutoka shambani ni mboji iliyopotea. Pili, tupande nyasi zetu wenyewe. Mabingobingo na majani ya Guatemala yakipandwa kwenye mipaka na juu ya kingo za makinga maji huzuia udongo usishuke, hulisha ng'ombe, na mabaki yake huwa matandazo. Tatu, tupande miti midogo na vichaka vya kukata. Alizeti pori, yenye maua ya manjano, ambayo wengi huifyeka kando ya njia na kuitupa, ina naitrojeni na potasi nyingi katika majani yake mabichi, nayo huoza upesi. Utupa nao huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa mizizi yake. Lakini usipandwe kando ya vijito, maana majani yake huua samaki.

MAOMBI KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, hayo niliyoyasema yaweza kufanywa na kila mtu nyumbani kwake. Lakini liko jambo moja ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya, na Chama chaweza. Ni jambo la maganda ya kahawa.

Mwanachama wetu huleta kahawa ya maganda, iliyokaushwa pamoja na ganda lake. Karibu nusu ya uzito huo ni ganda, wala si buni. Mwanachama aliyeleta magunia 10 ya kilo 60 ameleta kilo 600, na kati ya hizo kiasi cha kilo 300 ni maganda yanayobaki kiwandani baada ya kukoboa. Maganda hayo yana potasi nyingi, nayo potasi ndiyo chakula ambacho mgomba hukitaka kuliko mazao mengi mengine. Hivyo kila msimu magari hubeba rutuba ya vibanja vyetu kwenda kiwandani, na kurudi vijijini kuchukua mzigo mwingine yakiwa matupu.

Najua maganda hayo yana wanunuzi. Wako wanaoyatumia kama kuni za tanuri, na fedha zao huandikwa katika mapato. Sisemi mapato hayo hayana maana. Nauliza tu kama tumewahi kuandika upande wa pili wa daftari, yaani rutuba iliyouzwa pamoja na maganda hayo kwa bei ya kuni. Nauliza pia kama chama cha wakulima chaweza kustawi kwa miaka kumi mingine ikiwa mashamba ya wanachama yanapungua nguvu.

Kwa hiyo naomba mambo manne, nayo yajadiliwe na vyama vya msingi kabla ya mkutano mkuu ujao.

La kwanza, sehemu ya maganda irudishwe kwa wanachama kwa kadiri ya kilo alizoleta kila mmoja, ikichukuliwa na magari yale yale yanayokuja kuchukua kahawa. Sisemi yarudi yote kwa siku moja. Tuanze na kiasi ambacho hesabu zitakubali. Lakini yawekwe kwanza katika lundo pamoja na samadi, yapinduliwe mara kadhaa hata yapate moto na kuoza, nayo yatumiwe migombani na katika mboga, si chini ya mibuni. Ugonjwa wa mnyauko wa mibuni ulioingia kwetu miaka ya 1990 umetufundisha kwamba mabaki ya kahawa yasisambazwe ovyo. Na maganda yatokayo mahali penye ugonjwa huo yasirudishwe kabisa.

La pili, kila chama cha msingi kiwe na vitalu viwili vya mboga kando ya ghala, vya kipimo kimoja na mbegu moja, kimoja chenye matandazo na kimoja kitupu. Maji ya kumwagilia yahesabiwe kwa debe na mboga zipimwe kwa mizani, na hesabu zibandikwe ukutani. Mkulima huamini jicho lake kuliko hotuba ya Katibu, na ni haki yake.

La tatu, kila chama cha msingi kiwe na sehemu ndogo ya vipando vya mabingobingo na Guatemala, wanachama wapate kuvichukua bila malipo, kwa ahadi ya kurudisha vipando vingine msimu unaofuata.

La nne, kabla ya kiangazi, kila kijiji kitenge siku moja ya ujima kwa ajili ya vibanja vya wajane, wazee na wagonjwa. Watu 20 wakifanya kazi asubuhi moja, kibanja cha mtu asiyejiweza hufunikwa. Jambo hilo halihitaji fedha wala kibali cha mtu yeyote.

Mabibi na mabwana, tumejenga maghala, tumenunua mizani, tumejifunza kusoma hesabu na kuwauliza viongozi wetu maswali. Hayo ni matunda ya miaka kumi, nasi tuna haki ya kuyafurahia. Walakini chini ya maghala yote hayo uko udongo, na udongo hauna mwakilishi katika mkutano wetu, wala hauwezi kuinua mkono kuomba nafasi ya kusema. Haudai riba, haugomi, wala hauandiki barua ya malalamiko. Hupunguza tu mavuno kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, mpaka mtoto wa mkulima aseme kwamba kilimo hakina faida, akaondoka kwenda mjini.

Basi kila mmoja wetu ajitahidi, kabla ya kiangazi kijacho, aufunike angalau udongo wa bustani moja ya nyumbani kwake. Na ninyi viongozi wetu, mkikaa kupanga makadirio ya mwaka, likumbukeni lile gari linalorudi kijijini likiwa tupu.